Kusikiliza Kabla ya Kufungua

Machi 2

Kila jioni, ukishavua viatu na kuvipanga mlangoni, ulikuwa unaniuliza: "Haya, leo kumekuwaje?" Nami nakusimulia nikiwa bado nimekaa kwenye cherehani, hata kama siku nzima hakuna lililotokea ila mteja kulalamikia pindo. Tangu uondoke hakuna anayeniuliza. Binti yako hurudi kutoka kazini hospitali amechoka, sitaki kumwongezea mzigo. Ndiyo maana nimenunua daftari hili, niwe nakuandikia humu leo kumekuwaje.

Leo imenyesha mvua ya kwanza. Paa la jikoni linavuja palepale uliposema utapaziba Jumamosi.

Machi 5

Alikuja mwanamume mmoja mwenye koti refu la mvua, akiulizia redio yake ya kijani.

"Fundi yupo?"

Nikasema hayupo. Basi, hivyo tu. Hakuwa na habari, nami ulimi ulikuwa mzito.

"Mwambie nitapita tena," akasema. "Sina haraka. Alishaniambia hajajua ina nini."

Bado ipo rafuni. Nimeifuta vumbi.

Machi 8

Sketi za shule kutwa nzima. Mvua. Ndoo ya jikoni ilijaa nikaimwaga.

Machi 11

Kaka amekuja na wifi, na mabegi mawili. Nilipoona mabegi ni mawili nilijua hawajaja kunisalimia.

Unakumbuka walivyomtoa figo moja kwa ajili ya saratani, na akarudi kazini kupaka rangi kabla mshono haujakauka vizuri. Kila mwaka huenda kupigwa picha kwenye ile mashine ya duara. Mwaka huu wameona uvimbe juu ya figo lililobaki.

"Daktari mpasuaji amesema nini hasa?" nikauliza.

"Amesema yule mpangaji wetu amerudi," kaka akajibu. "Safari hii kachukua chumba cha ghorofani."

Wifi akampiga begani. "Kwako kila kitu ni mzaha!"

Wifi ndiye aliyenieleza. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Daktari anaona saratani ya zamani imehamia hapo. Wiki ijayo watamchoma sindano ndefu kupitia mgongoni, watoe kinyama wakipime, kisha waanze dawa kali. Watakaa kwangu kwa sababu hospitali iko karibu. Nilimuuliza kama dawa itamponya. Akaanza kukunja upya nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Binti yako aliingia ameloa. Akasimama pale mlangoni, akasikiliza yote, maji yakimdondoka. Nikadhani atamkumbatia mjomba wake. Badala yake akauliza:

"Mjomba, huwa unatokwa na jasho bila sababu?"

"Kila mpaka rangi hutokwa na jasho, daktari wangu."

"Nasema ukiwa umekaa tu."

Wifi ndiye aliyejibu. Alisema ndiyo, hutokea ghafla. Uso unapauka, shati linalowa, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio hadi yeye aliyelala kando anausikia, na kichwa kinamuuma kama kimefungwa kamba. Kisha hupita, kama hakikuwa kitu. "Ilianza tangu msiba wa baba yako," akasema. "Tunajua ni huzuni."

"Humpata wakati gani?"

"Akiinama kufunga viatu. Akiinua kitu kizito. Wakati mwingine akicheka sana."

"Kumbe huwa nacheka kwa huzuni," kaka akasema.

Binti yako hakucheka. Nikamuuliza anadhani ni nini.

"Sijui bado, mama."

Akaenda kubadilisha nguo. Hakutamka hata pole. Nilijisikia vibaya mbele ya wifi, kana kwamba nimelea karani.

Machi 12

Nimekaa nikiwaza neno lile, huzuni.

Siku tuliyokuzika, kaka aliinama kuchukua koleo, akapauka, jasho likamwagika, ikabidi ashikwe na watu wawili. Kila mtu alisema, tazameni alivyompenda shemeji yake. Mimi nimeishi na picha hiyo mwaka mzima. Siku nikilemewa nilikuwa najiambia: kuna mwingine aliyeumia kama mimi, mpaka mwili ukamkataa.

Sasa binti yako anauliza habari za jasho hilo kama anayeuliza habari za bomba linalovuja.

Machi 14

Leo amenieleza, tukiwa tunamenya viazi.

Tezi ile hutoa homoni ya mshtuko. Mbwa akikubwekea kwa ghafla, moyo ukaruka na mikono ikapata ubaridi, ni yenyewe hiyo imefanya kazi. Sasa kuna uvimbe, nao ni wa nadra, unaoota humo ndani na kumwaga homoni hiyo wenyewe, wakati wowote, bila mbwa wala nini. Ukiubonyeza unamwaga. Ukiuchoma sindano bila kujua unaweza kumwaga yote kwa mara moja, presha ikapanda mpaka moyo ukashindwa.

"Lakini mjomba wako ana saratani," nikasema.

"Alikuwa nayo. Ndiyo inayotufanya tudhani tunajua. Mtu akishakuwa na saratani, kila kinachoota mwilini mwake tunakiita kwa jina hilohilo."

"Kwa hiyo siyo saratani?"

"Sijui bado, mama. Kuna kipimo cha mkojo. Kifanyike kwanza, sindano baadaye."

Yeye si daktari wa kaka. Yeye yuko kwenye maabara ya vinyama, bado anasomea ubingwa, anafanya kazi chini ya Profesa wake. Alimwomba Profesa, Profesa akazungumza na daktari mpasuaji. Daktari amekubali kusubiri kipimo hicho, ila miadi ya sindano haikuondolewa. Iko pale pale, tarehe ishirini na moja.

Uvimbe wenyewe unaitwa feokromositoma. Kaka alijaribu kulitamka mara tatu, akakata tamaa.

"Jina kama hili," alisema, "mtu hawezi kuugua akiwa amevaa ndala."

Machi 16

Dumu limekuja. Ni kubwa, la rangi ya kahawia, na ndani kuna tindikali kidogo ya kuhifadhi. Siku mbili hizi kaka hali ndizi, hanywi kahawa, hagusi chokoleti, ili visivuruge kipimo. Kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya pili, kila tone la mkojo wake liingie humo, na dumu likae kwenye friji.

"Friji hilihili?" wifi akauliza.

"Ndilo tulilo nalo," nikamjibu.

"Basi ama maziwa yatoke, ama mume wangu atoke."

Maziwa yametoka.

Machi 17

Dumu limekwenda maabara. Kaka aliliaga mlangoni kwa kupunga mkono.

Machi 20

Mwenzangu, leo nimesema neno ambalo sikutaka lisikike ndani ya nyumba hii.

Majibu yametoka jioni. Si ya juu, si ya chini. Homoni imezidi kidogo tu, kiasi ambacho hata mtu mwenye wasiwasi mwingi anaweza kuwa nacho. Daktari mpasuaji amepiga simu kusema haoni sababu ya kusubiri, kesho asubuhi kaka afike kwa ajili ya sindano. Binti yako alisikia, akakaa mezani na ile karatasi ya majibu, akasema, "Asiende."

Wifi alilipuka. "Asiende? Saratani inamla mume wangu, wewe unatuambia tusubiri! Tumesubiri mkojo, mkojo umejibu. Sasa unasubiri nini? Jasho? Mate?"

"Nasubiri nielewe."

"Utaelewa akiwa wapi?"

Nikaingilia. Nilitaka kutuliza, na maneno yakaja mengine. Nilimwambia: "Baba yako alipokuwa amelala pale nilikuuliza ana nini, ukaniambia sijui. Leo ni mjomba, tena sijui. Umesoma miaka yote hiyo ili useme sijui?"

Ilibaki ndoo ya jikoni ikipokea matone.

Alinitazama bila hasira. Ungekuwa umeniona mimi nilivyotamani kuyameza yale maneno. Akasema polepole, "Kwa baba nilisema sijui kwa sababu sikujua, mama. Wengine walijua kila siku, na kila siku walijua jambo tofauti."

Kisha akarudi kwenye karatasi yake. Alivyoinama, na kidole chake kikitembea mstari kwa mstari, niliona kisogo chako. Hata kale kanywele kanakokataa kulala.

Kidole kikasimama.

"Mjomba," akaita. "Kuna kitu kinachotoka kwenye misuli, mtu hukikojoa kila siku karibu kiasi kilekile. Kinaitwa kreatinini. Kwenye dumu lako ni kidogo mno kwa mwanamume mwenye mwili kama wako. Ama misuli yako imekimbia, ama huu si mkojo wa siku nzima. Na kama si wa siku nzima, hata homoni imehesabiwa pungufu."

Kaka akaanza kuchunguza dari.

"Mjomba."

"Nilienda kwa kinyozi," kaka akasema.

"Na?"

"Foleni ilikuwa ndefu. Wanatoa chai pale. Mtu unabanwa."

"Ukajisaidia kwa kinyozi."

"Mara mbili. Sasa niliporudi nikaona dumu limepungukiwa, nikasema hawa watu wa maabara watasema sikujitahidi." Akajikuna kidevuni. "Nikaongeza maji."

"Maji!" wifi akapiga yowe.

"Rangi ikipungua kwenye kopo unafanyaje? Unaongeza maji, unakoroga, unaendelea na ukuta. Miaka yote hakuna mteja aliyegundua."

Wifi alimfuata kwa kitambaa cha mezani, akamzungusha meza nzima, huku analia na kucheka. Mimi sikujua nishike lipi. Binti yako ameshampigia simu Profesa. Wanakutana hospitali asubuhi na mapema. Nitakwenda nao. Sijamwomba radhi bado. Nimemwekea maji ya moto ya kuoga, akasema asante mama.

Machi 21

Tulikaa kwenye benchi la kijani nje ya chumba cha sindano. Kaka alishavalishwa lile gauni la hospitali linalofungwa nyuma. Nilitazama mshono wake, umekwenda upande. Ningeona haya kumpa mteja kitu kama kile.

Daktari mpasuaji alikuja, mtu mrefu, mwenye haraka, amekunja mikono ya shati. Profesa alikuwepo, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Nilidhani yeye ndiye atakayesema. Hakusema. Alisogea pembeni kidogo, akamwachia nafasi binti yako.

Binti yako alieleza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani unaniomba nimwondoe mgonjwa kwenye ratiba," akasema, "kwa sababu mjomba wako ametia maji kwenye mkojo?"

Muuguzi mmoja akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Ndiyo, daktari."

"Una uhakika ni uvimbe huo unaousema?"

Nilimwombea aseme ndiyo, nina uhakika. Nilimwombea adanganye.

"Sina uhakika. Sijui bado," akasema. "Na wewe pia hujui, daktari, samahani. Ingekuwa sindano haina madhara nisingesema kitu. Lakini hii tukikosea hatutapata nafasi ya kurekebisha."

Hakupandisha sauti. Mikono aliiweka nyuma, na mimi niliyekaa nyuma yake niliona vidole vikisokota pindo la koti. Mbele hakuna aliyeona chochote.

Nikakukumbuka wewe. Wateja walikuwa wanakuwekea redio mezani na kukuharakisha: fundi, fungua tu, si waya huo? Wewe unaiweka sikioni kwanza, unaitikisa kidogo, unazungusha kitufe polepole, unasikiliza. "Sijui bado. Iache niisikilize. Nikifungua kabla ya kusikia nitaharibu hata kilicho kizima." Kuna waliokasirika wakaenda kwa wengine. Nami, nikuambie ukweli, nilikuwa naona unapoteza wateja. Na binti yako alikuwa chini ya meza ile na madaftari yake ya shule, akisikia yote.

Daktari mpasuaji alimtazama Profesa pale pembeni. Kisha akacheka kwa pua. "Haya. Apewe dumu lingine. Na safari hii mlindeni kama mfungwa."

Kaka alifurahi, akainama kuchukua viatu vyake chini ya benchi. Akabaki hapohapo. Uso ulipauka kama ukuta uliopigwa rangi ya kwanza, jasho likatiririka, midomo ikatetemeka. Muuguzi akamfunga kifaa cha presha, akakisoma, akakisoma tena, akamwita daktari. Daktari alikitazama, na haraka yake yote ikamtoka. Alipiga goti pale sakafuni, akamshika kaka mkono mpaka hali ile ikapita.

Aliposimama akamgeukia binti yako. Alimwinamishia kichwa tu, kidogo. Profesa akavaa miwani yake.

Machi 23

Dumu la pili. Wifi anamsindikiza mumewe mpaka mlango wa choo na kumsubiri nje. "Umemaliza? Yote? Kula kiapo." Kinyozi amepigwa marufuku.

Machi 27

Mvua haikati. Nimeshona mashati kumi na mawili. Hakuna jibu bado.

Aprili 2

Majibu yametoka: homoni ni mara kumi na zaidi ya kawaida.

Daktari mpasuaji alipiga simu mwenyewe, akataka kuzungumza na kaka, kisha akaomba apewe "yule daktari wetu wa maabara." Sikusikia alichomwambia. Niliona tu binti yako anaitikia, "Ndiyo, daktari. Ndiyo. Asante." Akakata simu, akaenda jikoni, akasimama pale paa linapovuja, maji yakimdondokea begani, akalia.

Nikamfuata. "Si habari njema hii?"

"Ni njema, mama. Lakini kama ningekuwa nimekosea? Kama ni saratani kweli, nami ndiye niliyechelewesha?"

Nilimsogeza kutoka kwenye maji. Nikamwambia lile neno la siku ile nilikosea, na kwamba nilikuwa najiuliza ile "sijui bado" yake ameitoa wapi, kumbe ilikuwa inatoka meza ya pale dirishani, kwa mtu mwenye redio sikioni. Alinikumbatia mpaka gauni langu likaloa. Akasema, "Mama, nilidhani umesahau."

Nisahau vipi?

Aprili 4

Kaka ameanza vidonge vya kulegeza mishipa. Lazima avinywe wiki kadhaa kabla ya upasuaji, pamoja na maji mengi na chumvi, ili siku wakiugusa uvimbe, mwili uwe tayari. Vinamziba pua. Anaongea kama amefungiwa ndani ya pipa.

Aprili 9

Wifi amepanda juu ya paa. Niliporudi kutoka kununua uzi nilimkuta ngazini na kopo la lami.

"Shuka, wifi! Utavunjika!"

"Nimeolewa na mpaka rangi tangu ujana wangu. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia ngazi. Nilikuwa nasubiri zamu yangu."

Kisha, bila kunitazama, akasema, "Nikikaa bure nawaza. Bora nizibe kitu."

Nilikuwa namwona ni mtu wa kelele. Leo nimemshikia ngazi, nikamsikia anamwomba Mungu kila hatua, na bado anapanda.

Aprili 10

Imenyesha. Jikoni hakuna tone.

Aprili 15

Nilikuwa natia kifungo kwenye shati la kaka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chako, kwa sababu daktari amesema asisimame ghafla, vidonge vinaleta kizunguzungu. Nikamwambia, kama utani, kwamba ameninyang'anya kitu. Mwaka mzima nimejivunia alivyokulilia siku ya mazishi, kumbe ilikuwa ni uvimbe.

Alipenga kamasi kwanza.

"Mdogo wangu," akasema kwa ile sauti yake ya pipa, "jasho lilikuwa la uvimbe. Machozi yalikuwa yangu."

Nikajidunga sindano kidoleni. Shati lina alama ndogo ya damu kwa ndani. Hajaiona.

Aprili 25

Upasuaji.

Walimwingiza asubuhi. Alipita akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, akitazama dari, akatuambia: "Hawa walipaka rangi bila kusugua ya zamani. Angalieni inavyobanduka." Mlango ukafungwa.

Nilimuuliza binti yako kama hana kazi maabara. Akasema Profesa amemkataza kugusa kinyama chochote cha mjomba wake. Kitapimwa na mwingine. "Leo mimi ni mpwa tu, mama. Sijui kukaa upande huu." Kweli hakujua. Alisimama, akakaa, akasoma mabango yote ya ukutani, hata la kunawa mikono. Wifi ndiye aliyempakata kichwa mwishoni. Wifi yuleyule. Akawa anampangusa nywele na kumwambia, "Tulia, daktari. Umeshafanya yako."

Daktari mpasuaji alitoka na kofia yake ya kitambaa mkononi. Alimtafuta binti yako kwa macho kwanza, ndipo akatutazama sisi.

"Uvimbe umetoka wote. Figo liko salama," akasema. "Nilipougusa tu presha iliruka, na hapo ni baada ya dawa zote zile. Mtu wa dawa za usingizi alikuwa amejiandaa, akaishusha." Akakunja kofia. "Tungemchoma sindano siku ile, mama, nisingekuwa na cha kuja kuwaambia."

Alikuwa anaongea na mimi. Mimi, mshona sketi. Nilinyoosha mgongo, mwenzangu, nikajihisi mrefu kama yeye.

Aprili 30

Kaka ameomba kahawa. Amepewa.

Mei 3

Majibu ya maabara yamesainiwa. Ni ule ule wenye jina refu. Saratani ya figo haikuonekana ndani yake, hata chembe.

Profesa alisema, kwa kuwa kazi imekwisha, mpwa sasa anaweza kutazama. Na akasema mama yake pia akaribie, kama anataka. Nilivaa gauni langu la bluu.

Chumba chao ni kidogo kuliko nilivyodhani. Kuna harufu kali inayochoma pua, na vioo vyembamba vimepangwa kwenye trei kama vifungo dukani. Binti yako alinikalisha kwenye kiti chake, akanionyesha pa kuweka macho. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Akazungusha kitufe polepole, vile vile ulivyokuwa unatafuta stesheni. Picha ikaja.

Nilidhani nitaona kitu cha kutisha. Niliona kitambaa. Zambarau na waridi, vifungu vidogo vidogo kama viota, kila kiota kimezungushiwa uzi mwembamba. Kama ningekipata dukani ningenunua mita mbili.

"Hivi viota ndivyo tunavyovitafuta," akasema. "Saratani yake ya zamani ilikuwa tofauti, ilikuwa nyeupe ndani, kama mapovu."

"Na hii ndiyo iliyokuwa inamtoa jasho?"

"Ndiyo hii."

Nikaitazama tena. Nikaiambia kimoyomoyo: ulimshika kaka yangu makaburini, lakini machozi hukuyapata.

Wakati tunatoka Profesa alinishika mkono. "Watu wengi wakifika hapa nawafundisha kujua," akasema. "Huyu alikuja na lile lingine. Lile ni gumu kufundisha. Amelipata wapi?"

"Baba yake alikuwa fundi redio," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu kamili.

Jioni kaka alimuuliza binti yako: "Na yule mpangaji wa zamani, wa figo? Atarudi?"

"Sijui bado, mjomba. Utaendelea kupigwa picha kila mwaka."

"Vizuri," kaka akasema. "Ungeniambia harudi nisingelala."

Mei 6

Kaka na wifi wamerudi kwao. Wifi ameacha kopo la lami, likisubiri mvua za mwaka kesho. Maziwa yamerudi kwenye friji.

Mei 9

Leo binti yako amesimama mbele ya madaktari wa hospitali nzima kueleza habari ya uvimbe ule, ili wengine wakiona mgonjwa wa saratani ana kitu kwenye tezi hiyo, wapime kabla ya kuchoma. Nilimshonea koti jipya jeupe, mshono mara mbili begani. Sikuwepo, si mahali pangu. Lakini nilijua saa aliyoanza, nikasimamisha cherehani mpaka nilipokadiria amemaliza.

Amesema walicheka kwenye habari ya maji. Kisha wakaandika.

Mei 14

Mvua zimeisha, naona. Nguo zimekauka kabla ya mchana.

Yule mwenye redio ya kijani amekuja tena, bila koti. Safari hii nilimwambia wazi: fundi amefariki, mwaka sasa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, na sauti haikukatika. Alivua kofia, akasema pole nyingi, akasema kama ni hivyo atachukua redio yake aondoke asitusumbue.

Nikaingia jikoni kumtengenezea chai. Binti yako alikuwa amerudi mapema. Nilimsikia anaitoa rafuni. Nikachungulia. Alikuwa amekaa kwenye meza yako ya dirishani, na koti lake jeupe bado mwilini. Bisibisi yako ilikuwa pale karibu na mkono wake, lakini hakuigusa. Aliiweka redio sikioni. Akaitikisa kidogo. Akazungusha kitufe polepole, akafumba macho.

"Ina nini, mwanangu?" yule mteja akamuuliza.

"Sijui bado," akasema. "Iache niisikilize."

Mteja aliangua kicheko, kisha akajipangusa macho kwa kofia. "Maneno yaleyale," akasema. "Maneno yaleyale aliyoniambia mwenyewe."

Ameiacha. Amesema hana haraka.

Leo kumekuwa hivyo.